Mazishi ya Nne ya Ubaguzi

Nchi yetu ina sifa nyingi, lakini iliyo kubwa kuliko zote ni hii: hakuna taifa lingine duniani lililouzika Ubaguzi mara nyingi kama sisi. Wenzetu huko nje wanaupinga, wanaukemea, wanaufanyia makongamano. Sisi tunauzika. Tunauzika kwa jeneza la mvule, bendi ya polisi, bendera nusu mlingoti na pilau kwa wageni waalikwa. Mimi, Tumpale, ni mshereheshaji wa Wizara ya Mazishi ya Taifa, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Kipaza sauti nilikishika mwenyewe.

Wapo watu wasioitakia mema nchi yetu ambao huuliza: kitu kinachozikwa mara nne, kweli kilikufa ile mara ya kwanza? Swali hilo ni la kichochezi. Nitalijibu kwa utaratibu, kuanzia mwanzo, na naomba nisikatizwe.

Mazishi ya kwanza yalifanyika kabla sijazaliwa. Baba ndiye aliyenisimulia. Wakati huo Wazungu wa nyanda za juu, waliofika na ng'ombe wao wakaipenda hewa yetu hata wakatuomba tuihame, walikuwa na chama kilichoitwa Magunia. Kiongozi wao alikuwa Kapteni Brandvik. Wanachama walivaa magunia ya unga vichwani, wakatoboa matundu ya macho, wakapanda farasi na kwenda kuchoma nyumba za watu waliochelewa kuhama. Gunia lilikusudiwa kuficha uso, na uso kweli ulifichika. Bahati mbaya farasi wa Kapteni alikuwa na madoa, peke yake katika wilaya nzima, na Kapteni mwenyewe alikohoa ndani ya gunia kama alivyokohoa kanisani. Baba aliniambia kwamba siku moja, nyumba ikiwa imekwisha kuungua, babu yangu alisema, "Asante Kapteni, mwaka huu umetuachia jiko." Kapteni alikasirika sana kwa kutambuliwa. Akageuza farasi, akachoma na jiko.

Lakini lazima niwape haki yao Magunia: hawakuzungusha maneno. Walisema, "Sisi ni bora kuliko nyinyi, ardhi hii ni yetu, tokeni." Baba alisema ilikuwa lugha nyepesi sana, hata mtoto mdogo aliielewa na kuanza kukimbia.

Basi wakamtoa jirani wa babu yangu, Mzee Mwakalobo, kwenye kilima chake, kile kinachoonekana kutoka kila upande wa wilaya, wakamwachia kipande cha chini palipo na mawe. Picha ya nyumba yake ikiwaka ikatoka kwenye magazeti ya ng'ambo. Wanunuzi wa chai wa huko wakasema chai yetu inanuka moshi. Haikupita muda serikali ya wakati ule ikatangaza kwa masikitiko kwamba Ubaguzi umefariki dunia ghafla, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Jeneza likachongwa. Maiti ikakosekana, lakini hilo halikuonekana kuwa kikwazo. Ukazikwa kileleni mwa kilima cha Mwakalobo ili kila mtu auone kaburi lake na kuridhika, na tangu siku hiyo, kwa amri, ukaitwa Marehemu.

Mfiwa mkuu alikuwa Kapteni Brandvik. Alilia mpaka akashikwa mabega. Na kwa kuwa kwa mila zetu mali ya marehemu huenda kwa wafiwa, ardhi yote iliyochomwa na Magunia ikaenda kwa familia ya Brandvik. Mzee Mwakalobo alikwenda mahakamani kudai kilima chake. Hakimu akamsikiliza kwa upole, akamwambia, "Mzee wangu, aliyekuchomea nyumba ni Ubaguzi, na Ubaguzi ni marehemu. Kumsema vibaya marehemu ni kukosa adabu." Mzee akatozwa gharama za mazishi kwa kukosa adabu.

*

Mwana wa Kapteni alikuwa Daktari Brandvik, na huyo nilimwona kwa macho yangu. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, na mfukoni alikuwa na bikari kubwa ya chuma. Sijawahi kumsikia akitamka neno baya. Aliwakemea hadharani waliotamani enzi za gunia. "Baba yangu alikuwa mshamba," alisema. "Yeye alichukia. Sisi hatumchukii mtu yeyote. Sisi tunapima."

Na walipima kweli. Walikuja shuleni kwetu wakatupanga foleni, wakatupima vichwa kwa ile bikari, mbele, nyuma na ubavuni. Mimi nilipimwa nikaambiwa kwamba kichwa changu kinafaa kubeba sinia, na kwamba nina sauti ya kutangaza mambo yaliyoamuliwa na wengine. Nilipewa biskuti. Sina kinyongo, maana ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo, na huo ni ushahidi kwamba sayansi yao haikukosea kila mahali.

Mwana wa Mzee Mwakalobo, ambaye alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, alipimwa siku hiyohiyo. Kichwa chake kilionekana hakimudu ardhi yenye mwinuko. Kwa sababu za kitaalamu tupu, familia yake ikasogezwa chini zaidi, kwenye kipande chembamba kando ya bomba la maji, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyewachukia.

Wataalamu wa vyuo vya nje walipoanza kuicheka ile bikari, Ubaguzi ukafa tena. Uhuru ulikuwa umekaribia, kwa hiyo mazishi yalifana. Bikari iliwekwa juu ya jeneza kama ishara, kisha ikaondolewa kabla ya kutiwa udongo, kwa kuwa ilikuwa imeazimwa. Kaburi la pili likachimbwa kando ya la kwanza, nao uzio ukasogezwa. Daktari Brandvik alilia kwa kiasi, kisomi.

*

Baada ya uhuru tukawa na bendera yetu, mawaziri wetu, na Brandvik wa tatu. Huyu hakuwa na gunia wala koti jeupe. Alivaa suti ya kijivu na alikuwa na tabasamu la mtu aliyetoka kula. Alianzisha Jumuiya ya Urithi na Bustani. Alituambia kwa Kiswahili fasaha kuliko changu: "Baba yangu na babu yangu walikosea. Hakuna aliye bora kuliko mwenzake. Kila watu wana mila zao, na kila mila ina mahali pake." Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ni baadaye tu tulipokuja kutambua kwamba mila zao mahali pake ni penye maji, na mila zetu mahali pake ni penye vumbi, na kwamba siku za Jumamosi tulitakiwa kwenda kuzicheza mila zetu kwenye bustani yao, kisha turudi nazo kwenye vumbi kabla ya chai.

Aliyeupenda mpango huo kuliko wote alikuwa kijana mmoja wa kwetu, Mheshimiwa Kalindimya, wakati ule mkuu wa wilaya. Walimpa uanachama wa heshima, ambao ulimruhusu kuingia bustanini kwa lango la mbele akiwa na suti, na kwa lango la nyuma akiwa hana. Alilia kwa furaha. Leo ndiye waziri wangu.

Jumuiya ilipoanza kuwakera watalii, tukauzika Ubaguzi mara ya tatu, na hayo ndiyo yalikuwa mazishi yangu ya kwanza kuyaendesha. Yalikuwa mazuri. Kasoro ndogo ilikuwa moja tu. Yule rafiki yangu Mwakalobo alikuwa amefariki kwa kifua muda mfupi kabla, akazikwa kwenye kile kipande chake kando ya bomba. Uzio wa Makaburi ya Taifa uliposogezwa tena, ukalizunguka na kaburi lake. Mjane wake, Bi Sekela, akahamia chumba cha mabati upande wa pili wa barabara, pamoja na mwanawe Gwakisa. Kutoka mlangoni kwake aliweza kuliona kaburi la mumewe kupitia matundu ya waya, ila hakuruhusiwa kulisogelea, kwa kuwa eneo lile ni la kitaifa na Bi Sekela ni mtu binafsi.

Mimi naye tunaitana shemeji. Gwakisa aliniita baba mdogo.

*

Sasa nifike kwa Tobi Brandvik, kitukuu wa Kapteni, kijana wa siku hizi.

Tobi hana gunia, hana bikari, hana bustani. Ana simu. Katika simu hiyo ana picha ya bata aliyevaa miwani ya jua, na vijana wenzake maelfu wanaipeana picha hiyo na kucheka. Bata husema, "Wageni wote watoke!" Ukiuliza wageni ni akina nani, bata huonyesha picha ya mtu kama mimi. Ukikasirika, Tobi huinua mikono. "Mzee Tumpale, jamani, tunatania! Ni bata tu! Kwani wewe unaogopa bata?" Na kweli, ukijitazama kwenye kioo ukiwa mtu mzima na ndevu zenye mvi, unaona aibu kwamba unaogopa bata.

Tobi hasemi kwamba wao ni bora. Anasema wao ndio wanaoonewa. Amekwisha kuanzisha Umoja wa Wahanga wa Rangi, ambao wanachama wake wote wanatoka katika zile nyumba zenye maji. Anasema yeye haoni rangi kabisa, na kwamba mtu yeyote anayetaja rangi ndiye mbaguzi. Waziri Kalindimya alipoisikia hoja hiyo alisema ni hoja iliyokwenda shule.

Siku moja asubuhi Gwakisa alichukua jembe, akapita chini ya waya, akaenda kulipalilia kaburi la baba yake, kwa sababu magugu yalikuwa yamelifunika na mama yake alikuwa akiyatazama kila siku kutoka mlangoni. Tobi na wenzake walikuwa kilimani na pikapu yao, wakipiga picha. Wakamwona. Wakaanza kumfukuza na gari huku na huku kati ya makaburi ya Marehemu, wakirekodi na kutoa sauti za bata. Kwenye video anasikika mmoja akisema, "Mwonyesheni mgeni njia ya kwao." Kisha anasikika Gwakisa akisema, "Kwetu ni hapa." Kisha gari linampanda.

Nimeitazama video hiyo mara moja tu. Siwezi kuitazama tena. Nilikuwepo siku kijana huyo alipopewa jina.

*

Bi Sekela alikwenda kituo cha polisi, nami nikaenda naye kama jirani, si kama mtumishi wa wizara.

"Mama, umekuja kutoa taarifa ya nini?" akauliza inspekta.

"Mwanangu ameuawa na watoto wa Brandvik."

"Pole sana. Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ni mweusi. Wamesema wenyewe, imo kwenye simu za watu wote."

Inspekta akavua kofia. Alikuwa mtu mwenye roho nzuri. "Mama, hapo ndipo panapokuwa pagumu. Unataka kusema ameuawa na Ubaguzi, na Ubaguzi umekufa. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nilipiga saluti. Sasa mtu atauawaje na marehemu?"

"Kwa hiyo mwanangu ameuawa na nini?"

Inspekta akatupeleka kwa daktari wa serikali, ambaye alikuwa amekwisha kulitatua suala hilo kitaalamu. Chanzo cha kifo, alisema, ni kushindwa kuelewa utani. Alieleza kwamba ni maradhi yanayozidi kuenea hasa kwa watu wa kipato cha chini, na kwamba anapenda kutuona tukicheka zaidi nyumbani, kama kinga.

Bi Sekela hakucheka. Tulipotoka nje alisimama akashika ukuta wa hospitali kwa viganja viwili. "Shemeji," akaniambia, "haki sitaipata, nimeshaelewa. Siiombi tena. Nataka kitu kimoja tu. Gwakisa alale pale kando ya baba yake. Wanipe hicho tu."

Nikampeleka kwa waziri.

Mheshimiwa Kalindimya alimpokea kwa heshima zote, akamketisha, akamwagizia soda. Alipoambiwa shida yenyewe alisikitika mpaka miwani ikaingia ukungu. "Mama yangu, ningekuwa na uwezo ningekupa kilima kizima. Lakini yale ni Makaburi ya Taifa. Pale hazikwi waziri, hazikwi rais. Pale anazikwa Marehemu Ubaguzi peke yake. Nikimruhusu mwanao leo, kesho kila mtu aliyekufa atataka kuzikwa mahali. Ijumaa manispaa itamzika kwenye shimo la pamoja, kwa gharama ya serikali. Hutatoa hata senti."

"Shimo," akasema Bi Sekela.

"La kisasa."

Bi Sekela aliweka soda chini bila kuionja. "Baba, yaani pale kilimani anazikwa Ubaguzi tu?"

"Ubaguzi tu, mama. Hakuna mwingine."

Akainuka. Kisha akaaga kwa adabu, nami nikamsindikiza hadi kwake. Hapo ndipo aliponiuliza kama ni kweli, kama watu wanavyosema mtaani, kwamba kuna mazishi mengine yanakuja.

*

Ilikuwa kweli. Ile video ilikuwa imefika ng'ambo, na wafadhili walikuwa wameanza kuuliza. Wizara ikatangaza kwamba Ubaguzi umefariki dunia, safari hii kwa uhakika, na kwamba utazikwa Alhamisi. Kwa utaratibu wetu, Marehemu hutolewa hospitali kama marehemu mwingine yeyote. Kwa hiyo Jumatano jeneza la mvule lilipelekwa kwenye chumba cha maiti cha hospitali ya mkoa, likawekwa juu ya meza, likafunikwa bendera.

Kuna tangazo moja jipya nililotakiwa kulisoma redioni. Katika mazishi yaliyopita wafiwa walilia sana, na wageni wa nje walikuwa wakishangaa. Kwa hiyo serikali ikaamuru kwamba katika mazishi ya nne ni marufuku kulia. Atakayelia atahesabiwa kuwa anampenda Marehemu, na anayempenda Marehemu ni mbaguzi, naye atakuwa mtu wa kwanza nchini kushtakiwa kwa kosa hilo. Nililisoma kwa sauti nzuri. Sikuwaza lolote, nilidhani limetungwa kwa ajili ya akina Brandvik.

Alhamisi nilifika hospitali mapema kukagua jeneza. Bi Sekela alikuwepo, amepewa ruhusa ya kumwosha mwanawe kabla ya kesho yake kutupwa shimoni. Saa ya chakula ikafika, wahudumu wakaenda kula makande. Tukabaki sisi wawili, na Gwakisa aliyefungwa sanda, na lile jeneza.

Bi Sekela akaikunja bendera taratibu, pembe kwa pembe, akafungua kifuniko. Ndani palikuwa na maranda na glavu moja nyeupe ya mpiga tarumbeta. Akayapanga maranda upande mmoja kama anayetandika kitanda. Kisha akanitazama.

"Shemeji, shika miguu."

Naomba nieleweke. Mimi ni mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma hawezi kushiriki jambo kama lile. Kwa hiyo naweka wazi kwamba sikushiriki. Nilishika miguu tu. Ilikuwa baridi na mizito, na nilikuwa nikilia kwa sauti, nasema kweli, wala sikujali kama wahudumu wangesikia. Yeye hakulia. Alimwekea mwanawe kichwa vizuri, akafunika, akatandaza bendera. "Wakija manispaa kesho, waambie nimeshamchukua nikamzike kijijini," akasema. "Na uso wako uoshe. Una kazi ya kufanya."

*

Mazishi yalianza jioni kabla jua halijatua. Wageni walikaa chini ya mahema, bendi ikapiga. Waziri alikuwa amepanga jambo la kuvutia kamera: jeneza lingebebwa na vijana wa kizazi kipya, wakiongozwa na Tobi Brandvik. Tobi alikuwa amevaa fulana yenye maandishi "Naona Binadamu". Simu yake ilikuwa imefungwa kifuani, inarekodi.

Waliinama, wakainua, wakayumba.

"Mbona zito hivi?" Tobi akanong'ona.

"Ni uzito wa historia, mwanangu," akajibu waziri karibu na kipaza sauti changu, na mabalozi wakaandika.

Walipanda nalo kilima wakitweta, shingo zimewaiva. Kileleni palikuwa pameshajaa makaburi ya Marehemu, kwa hiyo wakashuka nalo upande wa pili, hadi kando ya bomba la maji, ambako kaburi la nne lilikuwa limechimbwa ubavuni mwa kaburi la rafiki yangu Mwakalobo. Nilimwona Bi Sekela akilitazama lile shimo, ambalo alikuwa ameliona likichimbwa kutoka mlangoni kwake. Uso wake ulikuwa mtulivu.

Waziri alihutubia. "Ndugu wananchi, leo hatuuziki Ubaguzi. Leo tunauzika uwezekano wa kuuzika tena! Tumeuzika ukiwa na gunia, tumeuzika ukiwa na bikari, tumeuzika ukiwa na suti. Leo tunauzika ukiwa hauna chochote, na hiyo ndiyo hatua ya juu kabisa ya maendeleo!" Mizinga ikapigwa. Jeneza likateremshwa. Kisha nikaita jina lililokuwa kwenye ratiba niliyopewa: mwakilishi wa watu waliowahi kuteseka zamani, Bi Sekela Mwakalobo, atie udongo na kupeana mkono na kijana Tobi.

Bi Sekela akasogea. Akaokota udongo wa ardhi ya mume wake, akaurusha. Ukagonga mbao.

Sijui kama mmewahi kuisikia sauti hiyo, udongo wa kwanza ukigonga jeneza la mtu wenu. Hakuna mama anayeweza kuizoea. Alikuwa amejikaza kituoni, amejikaza kwa waziri, amejikaza hospitali, na sasa akashindwa. Akaanguka ukingoni mwa kaburi akalia. Alilia kwa sauti iliyonyamazisha bendi. Aliita, "Mwanangu! Mwanangu!" mpaka mabalozi wakaangalia chini.

Tobi Brandvik alikuwa amebaki na mkono wake hewani. Akautazama, akamtazama mama aliye chini, kisha akageuza kifua ili simu ione vizuri. "Jamani," akasema, na sauti yake ilijaa mshangao wa kweli, "huyu mama anaulilia Ubaguzi! Tena anauita mwanawe!"

Wakamkamata palepale. Kaburi likafukiwa, likamwagiwa zege, likawekewa askari wa kulilinda na bamba la shaba lenye maneno: Hapa Amelala Ubaguzi.

*

Nilimtembelea mahabusu. Nilimwambia, "Shemeji, waambie. Sema ni Gwakisa aliye mle ndani. Wakijua ulikuwa unamlilia mtoto wako watakuachia siku hiyohiyo."

"Wataniachia mimi, watamchimbua yeye," akasema. "Wakimchimbua watamtupa shimoni. Amelala kwa baba yake, shemeji. Askari wanamlinda. Nani wa kwetu aliyewahi kulindwa?" Akanishika mkono kupitia kwenye nondo, akaubana hadi ukauma. "Na wewe usithubutu kufungua mdomo."

Kesi ilifanyika katika Ukumbi wa Taifa mbele ya kamera, na mimi ndiye niliyeendesha shughuli. Tobi alitoa ushahidi kwa niaba ya Umoja wa Wahanga wa Rangi. Alisema kilio kile kimemjeruhi, kwamba halali vizuri, na kwamba anamsamehe mama yule kama binadamu, ila sheria ifuate mkondo wake. Watu walimwonea huruma.

Hakimu akamgeukia mshtakiwa. "Bi Sekela, ulilia makaburini?"

"Nililia."

"Ulikuwa unamlilia aliyekuwa anazikwa pale?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa sababu ulimpenda?"

"Nilimpenda."

Ukumbi ukaguna. Hakimu akavua miwani. "Ulianza lini kumpenda?"

"Kabla hajazaliwa."

"Mahakama hii haijawahi kusikia ukiri mzito kama huu," akasema hakimu. "Mama, nakupa nafasi ya mwisho. Hapa mbele ya taifa, tamka kwamba humpendi, uende nyumbani."

Bi Sekela alivuta pumzi. Nilikuwa nimemshikia kipaza sauti mwenyewe, karibu kabisa na midomo yake. Mdomo wangu ulikuwa umejaa jina la Gwakisa.

"Nampenda," akasema.

Hakimu akaeleza kwamba sheria zetu ni za huruma na hazina nia ya kumkomoa mtu. Akaamuru Bi Sekela akae gerezani mpaka siku atakapotamka kwa hiari yake kwamba ameacha kumpenda Marehemu. Siku hiyo lango litafunguliwa, hata ikiwa ni kesho.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Kwenye shughuli za taifa mshereheshaji ndiye anayeanzisha makofi, na wote walikuwa wananisubiri: waziri, Tobi, hakimu, kamera. Nikaweka kipaza sauti chini. Nikaanza kupiga, polepole, viganja havigusani vizuri. Bi Sekela akanitazama akiwa katikati ya askari wawili, akaniashiria kwa kichwa nipige kwa nguvu zaidi, wasije wakashuku.